Mkono Wangu na Alimantasyo ya Neema

Mwanafunzi wangu Asifiwe hajanipa raha tangu nilipomkabidhi funguo za karakana. "Papa, andika," ananiambia kila akipita nyumbani. "Ile yote uko nayo mu kichwa, utaenda nayo kaburini? Huko utatengenezea nani?" Hana adabu, lakini ana haki. Basi nimekaa mezani, nimevaa miwani mbili, moja juu ya nyingine, maana macho ndiyo yaliyoniondoa kazini. Fundi asiyeona tini yake ya kuchomelea inapoyeyukia ni hatari kwa mali za watu.

Habari za vyeo sitawaandikia. Kwetu Kavimvira, hapa Uvira mpakani mwa Kongo na Burundi, cheo kilikuwa kimoja tu, nacho ni kuwa na ufunguo wa mlango. Nitawaandikia nilivyoanza, aliyenifundisha, na kosa moja nililolifanya nikiwa tayari na mvi. Kosa hilo Asifiwe analijua, kwa sababu alisimama karibu nami siku ile, akanionya, nikamnyamazisha. Nyinyi mafundi mlioingia baadaye hamlijui. Mama Neema, mwenye habari hii kuliko mimi, amenipa ruhusa kuisimulia, ila amekataza nisiandike jina la ukoo.

Nilifika kwa Mzee Lubunga nikiwa na suruali moja na diploma ya sekondari ambayo hakuomba hata kuiona. Alikuwa fundi wa redio. Karakana yake ni hii hii mnayoikaa, inayotazama barabara ya mpakani, pale wafanyabiashara na wabadilishaji wa pesa wanapopigana vikumbo kuanzia asubuhi. Nilidhani siku ya kwanza nitashika chuma cha kuchomelea. Akanipa mswaki mkuukuu.

"Sugua," akasema. "Ukimaliza utaniambia ndani umeona nini."

Wiki mbili nilisugua redio za watu. Niliona mende, niliona viota vya mchwa, niliona shilingi ya zamani iliyotumbukizwa na mtoto. Siku moja niliona barua ya mapenzi imekunjwa vizuri nyuma ya spika, na jina la chini halikuwa jina la mume mwenye nyumba. Nikampelekea Mzee mbio. Akaisoma mstari mmoja, akaikunja, akairudisha mahali pake na kukaza skrubu. "Ile haikuharibika," akaniambia. "Sisi tunatengeneza kilichoharibika." Nimelikumbuka neno hilo mara nyingi, hasa nyinyi mnapochungulia picha kwenye simu za wateja. Ndiyo, nawaona.

Somo lake kubwa lilikuwa la mkono. Wakati ule redio na vikuza sauti vilikuwa na transfoma, lile donge la chuma lililozungushiwa waya wa shaba. Transfoma ya kweli ilikuwa nzito, ya uongo ilikuwa nyepesi kwa sababu waliiba shaba. Mzee alinifumba macho kwa kitambaa, akaniwekea moja mkono wa kulia, nyingine wa kushoto. "Ipi utamupa mama yako?" Nikikosea ananigonga utosini na turnevisi, yaani bisibisi, upande wa mpini, namshukuru Mungu. Baada ya mwaka sikukosea tena. Wafanyabiashara wa ng'ambo ya mpaka waliponiona nikinyoosha mkono walianza kurudisha vitu vibaya chini ya meza wenyewe.

Kompyuta zilipoingia Uvira, kwanza kwenye ofisi na mashirika, halafu kwenye nyumba za watu, nilihamisha mkono ule ule kwenye alimantasyo. Kwa ambaye hajafungua mashine bado: alimantasyo ni kile kisanduku cha chuma kinachopokea umeme wa ukutani na kuugawa kwa viungo vingine vyote. Ikiwa mbaya, haifi peke yake. Mzee Lubunga alikuwa amekwisha kutuacha, lakini kila niliponunua alimantasyo niliiweka kiganjani, nikafumba macho, na nikamsikia akiuliza habari za mama yangu. Nyinyi nyote niliwafundisha hivyo. Ndiyo maana naandika.

Miaka yangu ya mwisho vijana walianza kuja na mashine za kuchezea. Mwanzoni niliwanunia. Mtu mzima anakuja na karatasi, anataka mashine yake ionyeshe majani ya mti moja moja, na nyumbani kwake miti halisi imejaa wala haiangalii. Lakini nikazoea, na nikagundua kwamba karatasi zao zote zinafanana. Juu kabisa wameandika karti ya picha, ile kubwa yenye feni mbili, ile waliyoiona kwa rafiki. Chini kabisa, kama kuna nafasi imebaki, wameandika "alimantasyo yoyote". Hiyo "yoyote" imenilisha miaka mingi kwa kazi ya kufufua wafu.

Mtu mwenye pesa kidogo hanunui mashine mpya, anatafuta kiungo kinachowakaba wenzake. Mara nyingi ni memori: ana kijiti kimoja, mwongezeeni cha pili kinachofanana nacho, mashine itavuta pumzi. Mara nyingine ni disku ya zamani inayozunguka na kulia kama mashine ya kusaga. Karti iliyotumika ukiinunua, tazama vichwa vya skrubu. Vikiwa vimechubuka, kuna mtu ameshaingia humo, na hakuingia kusalimia. Chukueni kamba mpime urefu wake na nafasi iliyoko ndani ya mashine kabla ya kulipa, kwa sababu nimeona karti nzuri ikikataa kuingia mlangoni mwa nyumba yake.

Na kabla ya yote hayo, ulizeni swali langu: unacheza na nani? Anayecheza peke yake anataka uzuri, mpe karti. Anayecheza na mtu wa mbali anataka mashine isizimike na sauti ifike. Hao ni wateja wawili tofauti, hata wakileta karatasi moja.

Neema alikuja siku ya Jumatano, amebeba mashine yake kwenye beseni, ameifunika kitenge. Mama yake alimfuata nyuma na kibuyu cha maziwa, kwa sababu alikuwa akiuza maziwa hapo sokoni na hakuwa na pa kukiacha. Ni watu walioshuka kutoka milima ya juu zamani. Neema alikuwa akifundisha hesabu watoto wa majirani, na pesa za kazi hiyo ndizo alizokuja nazo, zimefungwa kwenye kona ya leso.

"Papa Fundi, iko liste hii," akasema. "Bintu biko sita. Feza yangu inatosha bitatu. Unisaidie kuchagua."

"Weye unacheza na nani?"

"Na kaka yangu, Gentil. Iko Kanada."

Mama yake akatua kibuyu. "Na minye naikalaka pale," akasema. "Sichezake. Nasikilizaka."

Nikamuuliza anasikiliza nini. Akavuta kigoda bila kukaribishwa, nikaona kwamba swali langu limegusa mahali.

Gentil aliondoka kijana mdogo na mjomba wake, wakakaa kambi ya wakimbizi miaka, halafu wakapelekwa Kanada. Mjomba akapata kazi mji mwingine. Gentil akabaki peke yake kwenye chumba kimoja, akifanya kazi kwenye kiwanda cha kufungasha samaki.

"Mu telefone anasemaka neno moja," mama akaniambia. "Umekula? 'Niko sawa, maman.' Baridi je? 'Niko sawa, maman.' Unaumwa? 'Niko sawa.' Sasa minye nitafanya nini na niko sawa? Lakini mu ule mchezo wao wa malori, Papa Fundi, anacheka! Anahadisia. Anakumbuka baba yake. Mutoto nimemuzaa minye mwenyewe, na namupataka mu lori tu."

Baba yao alikuwa dereva wa lori barabara ya Luvungi, na alifariki watoto wakiwa bado wadogo. Kaka na dada walicheza mchezo wa kuendesha malori mawili yanayofuatana, saa nzima, kila Jumapili baada ya ibada, ambapo kule Kanada ni asubuhi. Mwezi ule mchezo ulikuwa umebadilishwa. Toleo jipya lilitaka mashine yenye nguvu, la zamani likafungwa. Mashine ya Neema ikakataa.

"Dimanche tatu sasa," Neema akasema, akizihesabu Jumapili kwa vidole. "Tangu pale hata telefone hashike. Anaandika tu, niko sawa. Juzi hakuandika kitu."

Mama yake alikuwa akiangalia kibuyu. Sikuwa na haja ya kuelezwa zaidi. Mimi pia nina watoto walio mbali.

Nikachukua kalamu nikakata liste. Prosesa ibaki, inatosha. Kijiti cha pili cha memori, ndiyo. Karti ya picha iliyotumika, ya kati, si ile ya feni mbili aliyoiandika. Alimantasyo mpya, kwa sababu ya zamani haikuwa na waya za kuilisha karti hiyo. Kaske ya masikioni nikaifuta kabisa, nikaandika spika mbili ndogo na mikro ya kusimama mezani, bei rahisi, ili mama naye aweze kusema na si kusikiliza tu. Stabilizateri, ile mashine ya kutuliza umeme unaopanda na kushuka, nikaiacha. Pesa hazikufika. Nilimwambia alimantasyo nzuri itavumilia.

Jumamosi asubuhi nikavuka mpaka kwenda Bujumbura mwenyewe. Karti niliipata kwa mtu ninayemfahamu, skrubu zake nzima, feni inazunguka kimya. Alimantasyo niliikuta dukani kwa kijana mmoja mpole, zimepangwa kwenye sanduku. Nikanyoosha mkono, nikafumba macho. Nzito! Nzito kuliko zote nilizoshika mwaka ule, na bei yake inamfaa Neema. Nikatabasamu kama mjinga. Huyo kijana nisimlaumu, naye alikuwa ameuziwa sanduku zima, na nilipomrudia baadaye alikaribia kulia.

Nilipofika karakana, Asifiwe alikuwa ameomba taa tatu za mbele za gari kwa fundi magari jirani yetu. Alikuwa amezifunga waya. "Papa, tuipime na mzigo kwanza," akasema. "Tuwashe taa hizi juu yake saa moja, tuangalie kama volti inashuka."

"Mimi nimeshaipima."

"Na nini?"

Nikamwonyesha mkono wangu. Haya, chekeni. Akaniangalia, akaangalia mkono, akasema, "Papa, huo mkono hauko na sindano ya kusoma volti." Nikakasirika. Nikamwambia mkono huu ulikuwa ukipima vitu yeye akiwa bado hajazaliwa, na kwamba kesho ni Jumapili na kuna mama anangoja. Sababu ya pili ilikuwa ya kweli, na niliitumia kuficha ya kwanza. Asifiwe akafungua waya zake akarudisha taa za watu.

Jumapili tukaenda wote wawili nyumbani kwa Neema kufunga mashine, maana Asifiwe akinuna hafanyi kazi vibaya. Chumba kidogo, dirisha wazi. Saa kumi kamili mashine ikawaka. Mchezo ukafunguka. Nakiri ulikuwa mzuri: barabara nyeusi inang'aa, milima, majani moja moja. Neema akamwandikia kaka yake: tumerudi.

Baada ya dakika chache spika zikakwaruza. "Maman? Neema? Muko?"

Mama Neema akaruka kidogo. Nikamsogezea mikro. Akaikaribia sana, kama anayemnong'oneza mtu sikioni. "Tuko, mwana wangu. Tuko hapa."

Malori mawili yakaondoka. Gentil mbele, Neema nyuma. Halafu mama akaanza kuikagua barabara, akitafuta vizuizi vya askari wanaoomba hongo, kama vya kwetu. "Gentil, hii barabara ni ya nani? Kilomita zote hizi na hakuna barrière hata moja?"

"Huku hakuna, maman."

"Hakuna hata muntu wa kuomba kahawa?"

Kicheko kikatoka kwenye spika, kicheko cha kijana, kirefu, kikajaa chumba. Neema naye akacheka hadi akagonga kibao cha barabarani. Asifiwe akasahau kununa. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni nimevimba kifua, nikiwaza kwamba Mzee Lubunga angeniona leo.

Tukaenda hivyo kama dakika ishirini. Kisha lori la Gentil likapunguza mwendo, taa za nyuma zikawaka nyekundu. "Maman," akasema, "iko kitu nilikuwa nataka kukuambia. Ni juu ya..."

Balbu ya chumbani ikafifia, kama ifanyavyo saa watu wanapoanza kupika, halafu ikarudi kwa nguvu. Ndani ya mashine kikalia kitu, pa! Kioo kikawa cheusi. Harufu ya kuungua ikatoka, ile ninayoijua tangu nikiwa na miaka kumi na tisa.

Mama Neema alikuwa bado ameinamia mikro. "Gentil? Gentil? Amekasirika?" Akamgeukia Neema. "Nimesema kitu kibaya?"

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona, hata wakati nilipopigwa utosini. Tuliibeba mashine tukaondoka. Neema akampigia kaka yake simu mbele yetu, ikaita mpaka ikakatika.

Jumatatu Asifiwe akafungua alimantasyo. Alitoa skrubu nne, akainua kifuniko, akaisukuma mbele yangu mezani. Ndani kulikuwa na vipande vichache vya umeme, vyepesi, vimeungua. Na pembeni, limegandishwa kwa gundi, limevikwa karatasi ya plastiki, kulikuwa na tofali dogo la simenti. Nikalitoa. Nikaliweka kiganjani, nikafumba macho. Uzito ulikuwa ule ule.

Walikuwa wamejifunza somo letu, hao wanaotengeneza uongo. Walijua kuna wazee kama mimi kila mpaka wanaonyoosha mkono. Wakatuwekea mkononi kile mkono unachokitafuta. Asifiwe angenitukana ingekuwa afadhali. Alikwenda tu kuchemsha chai, akaweka sukari nyingi kwenye ya kwangu. Karti ya picha nayo ilikuwa imekufa.

Sasa mnajua desturi yetu sisi mafundi wa mji huu. Kitu kikiungua mikononi mwa mteja, tunasema "ni courant", mteja anatikisa kichwa, anautukana umeme, na anarudi kwetu na pesa nyingine. Hakuna anayebisha, kwa sababu nusu ya wakati ni kweli. Na siku ile umeme ulishuka na kupanda mbele ya macho ya watu wanne! Nilikuwa na mashahidi. Njiani kwenda kwa Mama Neema nililisema neno hilo moyoni mara kadhaa, na lilikaa vizuri mdomoni.

Nilimkuta anapanga vibuyu. Nikatoa tofali la simenti mfukoni, nikaliweka juu ya meza yake.

"Haikuwa courant, Mama," nikasema. "Ni minye. Asifiwe alitaka kupima, nikakataa. Nilinunua simenti."

Alilishika, akaligeuza. Nilitegemea maneno makali na nilikuwa nayastahili. Akaniuliza, "Papa Fundi, alikuwa anataka kusema nini?"

Nikamwambia kwamba Jumapili mashine itakuwa imewaka, na kwamba pesa yake haitahitajika tena.

Neema alimwandikia Gentil: si sisi tuliokata, mashine iliungua, dimanche saa kumi. Gentil akausoma ujumbe. Hakujibu.

Mnakumbuka, au mmesikia, kwamba kwenye meza yangu kulikuwa na alimantasyo moja ya kijivu, ya kupimia mashine za watu, tuliyoiita Bibi. Niliitoa kwenye mashine kubwa ya ofisi moja iliyofunga, na kwa miaka mingi sikumruhusu mtu kuiazima hata kwa saa moja. Mmekuwa mkiuliza Bibi alikwenda wapi. Alikwenda kwa Neema. Karti ya picha niliitoa kwenye mashine yangu mwenyewe, dhaifu kuliko ile iliyokufa, lakini mchezo ungeikubali ukipunguza uzuri. Na stabilizateri, ambayo ningepaswa kuinunua mwanzoni badala ya karti ya majani moja moja, nikaitafuta na kuipata.

Kabla ya kufunga, nilimwambia Asifiwe akalete taa za gari. Akaleta nne. Akaziwasha zote juu ya Bibi, karakana ikawa nyeupe mchana ule, watu wa barabarani wakachungulia wakidhani kuna harusi. Saa nzima alikaa na multimetri. Mimi nilisimama nimefunga mikono nyuma ya mgongo.

"Volti?" nikamuuliza.

"Kumi na mbili."

"Sasa?"

"Kumi na mbili, Papa. Kunywa chai yako."

Jumapili saa kumi tulikuwa chumbani. Mchezo ukafunguka. Ee, jamani! Milima ilikuwa kama magunia, na miti ilikuwa kama kabichi. Neema aliangalia, akaniangalia, akauma midomo asicheke. Mama yake hakuona tofauti yoyote. Alikuwa akiitazama spika.

Saa kumi na robo, hakuna mtu. Saa kumi na nusu, hakuna. Lori la Neema lilisimama kando ya barabara likiunguruma peke yake. Mama Neema alikuwa anaikunja ncha ya kitenge chake, anaikunjua, anaikunja tena. Asifiwe aliniangalia mara moja, nikageuza uso. Nilimwomba Mungu waziwazi, midomo ikitikisika, wala sikujali nani ananiona.

Ilikaribia saa kumi na moja spika zilipokwaruza.

"Mashine iko mzima?"

"Iko mzima!" Neema akapiga kelele. "Gentil, iko mzima, tembea!"

Lori la pili likatokea kati ya kabichi. Wakaondoka. Mama Neema akasubiri hadi wakamaliza mlima, kama mwanamke aliyezoea kupanda na dereva na anajua wapi asimsumbue. Kisha akaivuta mikro.

"Siku ile ulikuwa unataka kuniambia kitu."

"Hapana, maman. Ni bure. Niko sa..."

Akakatika mwenyewe. Safari hii mashine ilikuwa inawaka, nilisikia feni yake ikizunguka. Lori lake likapunguza mwendo, likasogea kando, likasimama. La Neema likasimama nyuma yake. Tukasikia anavyopumua kule aliko.

"Maman," akasema. "Siko sawa."

Balbu ya chumbani ikafifia. Mama Neema akageuka kuniangalia, macho yametoka. Nikaangalia stabilizateri, ikalia kidogo, sindano ikatetemeka, ikarudi mia mbili na ishirini, ikakaa. Nikamtikisia kichwa.

Akairudia mikro, akaishika kwa mikono miwili.

"Sema, mwana wangu," akamwambia. "Sema yote. Courant iko."

Mimi na Asifiwe tukatoka nje, tukawafungia mlango.